Vita vya Shela Navyo Vipate Mchoraji Wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Lamu tumelizungumza barazani kwa muda mrefu bila kulifikisha panapohusika. Mji wetu una historia iliyohifadhiwa katika tenzi, katika nakshi za milango na katika vifua vya wazee, lakini matukio yake makubwa hayajachorwa na wenyeji kwa utafiti na kwa ukubwa unaostahili. Mimi hufundisha kuchora, na nimezaliwa katika nyumba ya fundi wa milango. Kwa hiyo jambo hili linanigusa kwa upande wa brashi na kwa upande wa patasi pia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kisa cha mchoraji wa Marekani aitwaye Eric von Schmidt, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2007, ambaye wengi wa wanaomjua humjua kwa gitaa na nyimbo zake za bluzi kuliko kwa picha zake. Naamini maisha yake, pamoja na ya baba yake, yana mengi ya kutufaa sisi tunaohangaika na swali la jinsi ufundi unavyorithiwa na jinsi historia inavyostahili kuchorwa.

Baba yake, Harold von Schmidt, alizaliwa California mwaka 1893, akafiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na babu yake, mzee aliyekuwa miongoni mwa watu waliokimbilia California wakati wa msako wa dhahabu wa mwaka 1849. Masimulizi ya Magharibi ya Marekani, yaani ya wachunga ng'ombe, wachimba dhahabu, askari wa farasi na mataifa ya wenyeji wa asili waliokuwa wakinyang'anywa ardhi yao, Harold aliyasikia kwa mtu aliyeyaishi. Baadaye yeye mwenyewe alichunga ng'ombe na kukata magogo kabla ya kuwa mchoraji wa magazeti. Alipohamia New York katika miaka ya 1920 alisoma kwa mchoraji Harvey Dunn, na kwa miongo kadhaa picha zake za farasi, vumbi na mapambano zilionekana katika gazeti la Saturday Evening Post. Stempu ya posta iliyotolewa na Marekani mwaka 1960 kuadhimisha miaka 100 ya wale matarishi waliobeba barua kwa farasi kuvuka bara ilichorwa na yeye.

Mtoto anayekua katika nyumba ya namna hiyo hapewi somo la kuchora kwa saa maalumu. Anaona baba akiamka na kukaa mbele ya turubai. Anasikia mabishano juu ya namna hatamu inavyofungwa na namna farasi anavyouweka mguu anapoteremka mlima. Anaona picha iliyokaribia kumalizika ikifutwa kwa sababu bunduki iliyochorwa haikuwapo katika mwaka unaosimuliwa. Watoto wa mafundi wa Lamu wanaelewa vizuri ninachokisema. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha kwamba mfaa, yaani ubao wa katikati ya mlango, huchongwa kwa uangalifu kuliko mbao nyingine. Tulilijua hilo kwa kuona ni kipande kipi baba alikuwa hataki kiguswe na mtu.

Hata hivyo Eric hakuingia moja kwa moja katika njia ya baba yake, na hapa ndipo ninapotaka wazazi wenzangu watulie kidogo. Alipata ufadhili wa masomo wa Marekani uitwao Fulbright akaenda Italia kusoma sanaa katika mji wa Florence, kisha akarudi na kukaa Cambridge, Massachusetts, ambako alijitosa katika muziki wa jadi hadi akawa mmoja wa nguzo zake. Mwimbaji Bob Dylan alimtaja kwa jina katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1962. Mtu aliyemwona wakati huo angeweza kusema kwamba kijana huyu ameitupa kazi ya nyumbani kwao. Lakini mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 45 na baba yake angali hai, alitoa picha kubwa ya vita vya Little Bighorn, na miaka kumi baadaye akafuatisha picha ya kushambuliwa kwa ngome ya Alamo, tukio la tarehe 6 Machi 1836 huko Texas. Kwa hiyo, kijana wa Lamu anayeiacha karakana ya baba yake leo ili aendeshe bodaboda au apeleke wageni Manda kwa mashua asihesabiwe kuwa amepotea. Muhimu ni kwamba siku atakapotaka kurudi, karakana iwepo na zana ziwepo.

Picha ya Little Bighorn inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ndiyo inayonipa hoja. Tarehe 25 Juni 1876, katika nchi ambayo sasa ni jimbo la Montana, Luteni Kanali George Armstrong Custer na kikosi chake cha askari wapatao 210 waliuawa wote na wapiganaji wa Lakota, Cheyenne na Arapaho, mataifa ya wenyeji wa asili. Kwa miaka mingi Wamarekani waliijua siku hiyo kupitia picha za kishujaa, ambayo mashuhuri zaidi ilitokana na mchoro wa Cassilly Adams: mwaka 1896 kampuni moja ya bia iliichapisha na kuisambaza katika vilabu vya pombe nchi nzima. Katika picha hiyo Custer amesimama katikati, nywele ndefu, upanga mkononi, kama mtu asiyeweza kufa. Ukweli ni kwamba nywele zake alikuwa amezikata fupi kabla ya safari, na kikosi chake hakikubeba panga. Uongo huo mdogo wa nywele na upanga ulibeba uongo mkubwa zaidi, kwamba waliovamia ndio waliokuwa wakionewa.

Mchoraji aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo asingeweza kuridhika na picha ya kilabuni. Eric aliiendea historia kwa utafiti na kwa kuuliza nani alikuwa wapi na alivaa nini, ndiyo maana kazi yake imetumika katika machapisho ya hifadhi ya uwanja huo wa vita. Huo ndio urithi alioupata kwa baba yake, na kwangu una thamani kuliko wepesi wa mkono, kwa sababu mkono mwepesi usio na tabia ya kuuliza ndio uliotoa ile picha ya bia.

Lakini niseme wazi kwamba hata kazi ya Eric ni kazi ya upande mmoja, upande wa wajukuu wa waliohamia. Miaka mitano tu baada ya vita, mwaka 1881, mpiganaji wa Lakota aitwaye Red Horse alichora michoro 42 ya tukio hilo kwa penseli na rangi, kama alivyoliona yeye mwenyewe. Humo farasi wanakwenda safu kwa safu, kwato zao zimeijaza karatasi, na waliokufa wa pande zote mbili wamelazwa mmoja mmoja bila shujaa wa katikati. Ukiiweka michoro hiyo kando ya ile picha iliyochapishwa mwaka 1896 huhitaji kuelezwa kitu. Watu ambao hawakuchora vita vyao wenyewe huchorewa na wengine, na wakichorewa na wengine hukuta wamewekwa pembeni ya karatasi.

Nitaje pia kwamba wachoraji hawa wa Magharibi ya Marekani walikuwa na silsila kama walivyo wanazuoni wetu, ambao kila mmoja hutaja aliyemsomesha na aliyemsomesha mwalimu wake. Harold alisoma kwa Dunn, na Dunn alisoma kwa Howard Pyle, aliyefundisha huko Wilmington, Delaware, bila kuwatoza wanafunzi wake ada. Kwa Pyle huyo huyo alitoka N. C. Wyeth, ambaye mwaka 1904 alisafiri kwenda Magharibi ili aione kwa macho yake nchi aliyokuwa akiichora. Wyeth aliwafunza watoto wake nyumbani, Pennsylvania, mabinti na wavulana kwa pamoja: Henriette na Carolyn walikuwa wachoraji kamili, mdogo wao Andrew akawa mashuhuri kuliko wote, na mtoto wa Andrew, Jamie, naye ni mchoraji. Karakana ya babu yao imehifadhiwa hadi leo, na watu huingia kuiona mahali ilipo. Nawataja Henriette na Carolyn makusudi, kwa sababu katika nyumba nyingi za mafundi hapa petu binti huruhusiwa kufagia vumbi la mbao lakini hakabidhiwi patasi.

Sasa tuitazame Lamu. Ufundi wa kurithi tunao, na hakuna anayeweza kutufundisha maana yake. Wapo wachonga milango, wapo waunda mashua wa Matondoni, wapo wafumaji wa kofia, na walikuwepo waliotia zidaka na nakshi za chokaa katika nyumba ambazo zilisaidia kuuingiza mji wetu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ufundi huo wote unapamba, na unapamba kwa uzuri usio na mfano. Lakini mgeni, au mtoto wa shule, akitaka kuona kwa jicho lake siku ambayo Lamu ilijiokoa, hana pa kwenda. Atasimuliwa. Na wanaosimulia, Mwenyezi Mungu awape umri, wanapungua.

Siku ninayoikusudia ni ya vita vya Shela, mnamo mwaka 1812 au 1813. Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walishirikiana na Wapate wakashuka pwani ya Shela kwa majeshi yao, wakitaraji Lamu itatiwa mkononi bila taabu. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakawakabili kwenye mchanga. Jeshi lililokuja lilipogeuka kurudi majini, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga, havisogei. Waliouawa ufuoni walikuwa wengi mno, na wazee husimulia kwamba mifupa ilionekana katika vilima vya mchanga miaka mingi baadaye. Ni kutokana na vita hivyo kwamba Lamu iliomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Oman, na ngome tunayoiona leo ikakamilishwa mnamo mwaka 1821. Historia yote ya pwani hii katika karne ile, pamoja na kudhoofika kwa Pate na Mombasa na kupanda kwa nguvu za Omani hadi Zanzibar, imepita katika ufuo huo ambao leo watu wanaanika mataulo.

Malenga hawakuiacha siku hiyo ipite. Kwa upande wa Mombasa, Muyaka bin Haji aliyatia mapambano yale na Lamu katika mashairi yake, na kwa upande wetu Bwana Zahidi Mgumi, aliyekuwa kiongozi wa mji, anakumbukwa kwa tungo alizozitumia kuwapa moyo watu wake. Pande zote mbili zimesema kwa maneno. Kwa hiyo mchoraji atakayejitokeza ana vyanzo ambavyo Eric von Schmidt angevionea wivu: tungo za waliokuwepo au waliokuwa karibu, masimulizi ya ukoo kwa ukoo, na ardhi ambayo unaweza kuitembea kwa miguu kutoka mjini kabla ya jua kupanda.

Atakuwa na kazi, lakini, na asidhani atachora ufuo wa leo na kuongeza mikuki. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara mweupe ambao kila mwenye kamera anaupiga picha, ulijengwa mwaka 1829. Akiuweka nyuma ya wapiganaji atakuwa amefanya kosa lile lile la upanga wa Custer. Ngome nayo haikuwa imekamilika, na ilisimama karibu na maji, kwa kuwa majengo yanayoitenga na bahari leo yalikuja baadaye. Atalazimika kuwauliza mabaharia namna bamvua na kupwa vinavyokwenda katika mlango wa Shela, na kuwauliza waunda vyombo wa Matondoni namna mashua inavyolala ubavu inapoachwa na maji. Atalazimika pia kujua mtepe uliokuwa ukishonwa kwa kamba ulikuwaje, chombo ambacho hakionekani tena katika bahari yetu. Kazi hii ya kuuliza ndiyo itakayowarudisha vijana kwa wazee, kwa kuwa kijana anayehitaji jibu ili amalize picha yake huuliza kwa bidii kuliko aliyelazimishwa kukaa asikilize.

Wapo watakaonijibu kwamba mji wetu ni mji wa dini, na kwamba kuchora viumbe wenye roho ni jambo ambalo wanazuoni wamelitolea maneno mazito. Nalijua hilo, naliheshimu, na siombi mtu yeyote avuke mpaka wa imani yake. Nasema tu kwamba vita vya Shela vinaweza kuchorwa vikasimuliwa vizuri bila uso wa mtu hata mmoja: vyombo vimelala juu ya mchanga, tanga limechanika, ngao zimetupwa, maji yanaonekana mbali, na nyayo zinaelekea baharini. Wazee wetu wenyewe walichora vyombo. Kuta za magofu ya Gedi karibu na Malindi, na za Takwa hapo ng'ambo Manda, zina michoro ya majahazi iliyokwaruzwa katika chokaa na watu waliokuwa Waislamu kama sisi. Mstari wa kuchora chombo haukuletwa na mgeni. Ulikuwepo ukutani, na mimi huwapeleka wanafunzi wangu kuutazama kila ninapopata nafasi.

Wageni wanaokuja Lamu na Shela kuchora ninawapokea kwa moyo mmoja, na wengi wao wana mikono mizuri. Wanachora wanachokiona: punda, kivuli cha uchochoro, tanga la mashua jioni. Hakuna ubaya. Ila picha hizo hununuliwa na kupanda ndege, na hata zingebaki zisingetosha, kwa sababu mgeni wa wiki mbili hawezi kuchora kisichoonekana tena. Kisichoonekana tena huchorwa na aliyesimuliwa na bibi yake.

Kwa hiyo naomba, kupitia gazeti lako, kwamba Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Serikali ya Kaunti ya Lamu watenge ukumbi mmoja ndani ya Ngome ya Lamu kwa picha za historia ya visiwa hivi zitakazochorwa na wenyeji. Jengo hilo lilikuwa jela hadi mwaka 1984. Sasa ni mahali pa utamaduni, na kuta zake ni ndefu na imara. Ya kwanza kuagizwa iwe picha ya vita vya Shela, na mchoraji asikabidhiwe turubai mpaka awe ameketi na wazee wa Lamu na vilevile na wazee wa Pate na Siyu, kwa sababu waliokufa kwenye mchanga ule wana vitukuu wao, na vitukuu hao ni majirani zetu na wakwe zetu. Sitaki picha ambayo mtu wa Pate ataingia ngomeni akajiona amewekwa pembeni ya karatasi. Ikibidi, ziwe picha mbili, zitundikwe zikitazamana.

Naomba pia kwamba fedha zinazotengwa kwa utalii zitoe sehemu, hata ndogo, kwa karakana za familia zilizopo, ili kila fundi anayekubali kuchukua wanagenzi wawili watatu, binti na kijana, alipwe kwa muda anaoutumia kuwafunza. Fundi wetu wa leo akimfundisha mtoto wa mwenziwe anapoteza nusu ya siku yake ya kazi, na hilo ndilo linalofanya milango mingi ichongwe haraka haraka kwa ruwaza chache zinazopendwa na wanunuzi wa hoteli. Pyle aliweza kufundisha bila ada kwa kuwa alikuwa na kipato cha vitabu na magazeti. Fundi wa Mkomani hana.

Na kwa walimu wenzangu wa kuchora katika shule za kaunti hii nina ombi dogo lisilohitaji bajeti. Muhula ujao tuwaambie wanafunzi waende nyumbani wakaulize tukio moja lililotokea mtaani mwao kabla ya babu zao kuzaliwa, walichore kwa penseli, na pembeni ya karatasi waandike jina la aliyewasimulia. Michoro itakayopatikana niko tayari kuikusanya, kuihifadhi na kuifikisha makavazini pindi watakapokubali kuipokea.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa kuchora,
Mkomani, Lamu.